Kuhuisha wosia: nyongeza, wosia mpya, barua ya matakwa au fomu za wanufaika?

Heath Ledger alitia saini wosia wake mwaka 2003, akawaachia mali wazazi na dada zake. Binti yake alizaliwa Oktoba 2005. Mwigizaji huyo alipofariki Januari 2008, wosia uliokuwepo ulikuwa bado ule ule, na jina la mtoto halimo. Familia ilitangaza kwamba mali yote itakuwa ya binti, mambo yakaisha salama. Lakini yaliisha salama kwa sababu ya moyo wa ndugu, si kwa sababu ya hati.

Wengi wenye wosia wanajua kwamba unahitaji kuguswa. Kinachowakwamisha ni namna ya kuugusa. Ukiuliza, mmoja atakwambia ongeza karatasi moja tu, mwingine atakwambia andika upya kabisa, wa tatu atasema acha barua, watoto wataelewa, na karani wa bima atakusukumia fomu ujaze. Wote wanne wana hoja, ila hati hizo hazifanyi kazi moja. Anayechagua kwa kuangalia ipi ni rahisi kuliko nyingine ndiye anayewaachia wenzake kesi. Swali la kuanzia ni kilichobadilika: ni jina, ni mgawanyo, ni maelezo, au ni mali ambayo tangu hapo haipiti kwenye wosia?

Tunazipima kwa nini

Kila njia nimeiangalia kwa mambo matano. *Nguvu*: je, mahakama na msimamizi wa mirathi wanalazimika kuifuata? *Kazi*: inadai mashahidi, muda na gharama kiasi gani? *Mwanya wa ugomvi*: asiyeridhika atapata pa kushika? *Usiri*: nani ataisoma baada yako, na atajifunza nini? Mwisho, *inamfaa nani*.

Neno moja kuhusu sheria kabla ya kuendelea. Nchi nyingi zinazofuata mapokeo ya Uingereza hutaka wosia uwe wa maandishi, uwe na saini ya mwenyewe, na ushuhudiwe na watu wawili waliokuwepo pamoja. Kule Uingereza, shahidi aliyeachiwa kitu katika wosia huo hukipoteza, ingawa wosia wenyewe unabaki halali. Tena kuna mipaka ambayo hakuna hati kati ya hizi nne inayoweza kuivuka. Ufaransa, mwenye mtoto mmoja anaweza kugawa kwa hiari yake nusu tu ya mali, mwenye wawili theluthi, mwenye watatu au zaidi robo. Sheria ya Kiislamu inauwekea wosia kikomo cha theluthi, na haumhusu mtu ambaye tayari ni mrithi ila warithi wenzake wakiridhia. Kwa hiyo jua kwanza ni kiasi gani cha mali kilicho mikononi mwako kukigawa, ndipo uchague karatasi.

Nyongeza ya wosia

*Nguvu.* Ni hati kamili ya kisheria. Inasomwa pamoja na wosia wa awali, inabadilisha kile tu ilichotaja, na mengine yote inayathibitisha upya kuanzia tarehe yake. Mfano mzuri ni wa Diana, Binti Mfalme wa Wales. Aliandika wosia Juni 1993, kisha Februari 1996 akatia saini nyongeza iliyomwondoa msimamizi mmoja na kumweka dada yake mahali pake. Mama yake, msimamizi wa pili, hakuguswa. Jina moja limetoka, jina moja limeingia, basi. Hiyo ndiyo kazi ambayo nyongeza huifanya vizuri.

*Kazi.* Hapa watu hujidanganya. Karatasi ni fupi, lakini masharti ni yale yale ya wosia: saini, tarehe, mashahidi wawili wasiofaidika. Zamani, wosia ulipoandikwa kwa mkono au kwa taipureta, kuongeza ukurasa mmoja kulikuokoa siku nzima ya kazi. Siku hizi faili limo kwenye kompyuta ya wakili, na mara nyingi tofauti ya gharama kati ya nyongeza na wosia mpya ni ndogo kuliko unavyodhani. Uliza kabla ya kuamua.

*Mwanya wa ugomvi.* Nyongeza moja haina neno. Ya pili nayo huvumilika. Ya tatu ndipo matatizo yanapoanza: hii inasema “aya ya 6 isomeke hivi”, kumbe ile ya kabla yake ilishaifuta aya ya 6, na ile ya kwanza imebadilisha namba zote za aya. Msimamizi anabaki na karatasi nne mezani anajaribu kuzifanya ziseme kitu kimoja. Kisha kuna suala dogo ambalo wengi hawalijui: usiibane nyongeza kwa pini juu ya wosia halisi. Pini ikitolewa, matundu yanabaki kwenye kona, na ofisi ya mirathi itauliza ni karatasi gani iliyokuwa imebanwa hapo na imekwenda wapi. Mara msimamizi anatakiwa aape kuhusu matundu mawili. Weka hati zote kwenye bahasha moja, kila moja peke yake.

*Usiri.* Huu ndio udhaifu ambao mimi naupa uzito kuliko wote. Wosia na nyongeza husomwa pamoja, kwa hiyo kila mtu anaona ulichosema mwanzo na ulichosema baadaye. Mpwa aliyekuwa ameachiwa kiwanja atasoma kwa macho yake kwamba alipewa, kisha akanyang'anywa. Sheria haijali, ila yeye atajali.

*Inamfaa nani.* Mtu mwenye wosia mzima, ambaye amebadilisha jambo moja lisilomuumiza yeyote: msimamizi amefariki au amezeeka, mlezi wa watoto amehama, jina la mtu limebadilika, au anataka kuongeza zawadi ndogo.

Wosia mpya

*Nguvu.* Wosia mpya huanza kwa sentensi inayofuta wosia zote na nyongeza zote za awali. Sentensi hiyo ndiyo nguvu yake, na ndiyo hatari yake pia. Mwenye nyumba katika nchi mbili huwa na wosia mbili, kila mmoja kwa nchi yake. Akihuisha mmoja na kuacha ile sentensi ya kawaida ya kufuta kila kitu, ameufuta na wa ng'ambo bila kujua. Mwambie wakili wako kama kuna wosia mwingine mahali popote, hata kama hakuuliza.

Kuna hali ambazo wosia mpya si chaguo bali ni lazima. Uingereza na Wales, ndoa hufuta wosia ulioandikwa kabla yake, isipokuwa kama uliandikwa kwa kuitazamia ndoa hiyo. Talaka haiufuti: humhesabu mtalaka kama mtu aliyekwisha kufa, na sehemu yake inaelekea kwingine, pengine kule ambako hukukusudia. Ukivuka mpaka tu ukaingia Scotland, ndoa haiufuti wosia. Ndiyo maana ushauri wa jirani aliyeoa nchi nyingine haukusaidii hapa.

*Kazi.* Ni kubwa kuliko nyongeza, kwa sababu inakulazimisha upitie kila kitu. Lakini ulazima huo ndio faida. Aliyekaa chini kuandika upya ndiye anayegundua kwamba nyumba aliyomwachia binti yake wa kwanza aliiuza zamani. Zawadi ya kitu mahususi ambacho hakimo tena katika mali hufa, na kwa kawaida mwenye kuachiwa hafidiwi. Binti huyo angeambulia patupu wakati wadogo zake wanagawana fedha za benki, na pengine fedha hizo ndizo zilizotokana na nyumba ile.

*Mwanya wa ugomvi.* Hati moja inayosomeka mwanzo hadi mwisho huacha nafasi ndogo ya kubishana juu ya maana. Ubishi unaobaki ni kama ulikuwa na akili timamu au ulishinikizwa. Mahakama ikiukataa wosia mpya kwa sababu hizo, ule wa zamani unaweza kusimama tena. Kwa hiyo mgonjwa au mzee sana asikimbilie kuchoma wa zamani. Wakili akiuhifadhi ukiwa na alama kwamba umefutwa, unaweza kuonyesha kuwa nia yake ilikuwa ile ile kwa miaka mingi.

Kuhifadhi ndiko wengi wanakoshindwa. Katika nchi nyingi za mapokeo ya Kiingereza, wosia halisi uliojulikana kuwa mikononi mwa marehemu na sasa hauonekani hudhaniwa kuwa aliuharibu kwa makusudi. Wanaosema sivyo ndio watakaobeba mzigo wa kuthibitisha. Na ukionekana mahali pa ajabu, nalo ni shauri jingine. Aretha Franklin alipofariki Agosti 2018 iliaminika kwamba hakuacha wosia. Baadaye zikapatikana hati alizoziandika kwa mkono: moja ya mwaka 2010 ikiwa kwenye kabati lililofungwa, nyingine ya 2014 ndani ya daftari chini ya mto wa kochi. Michigan inakubali wosia wa mkono, lakini upi kati ya hizo? Wanawe walivutana mpaka Julai 2023, baraza la wazee wa mahakama liliposema ule wa kwenye kochi ndio wosia halali. Karibu miaka 5, kwa jambo ambalo mwenyewe angelimaliza kwa sentensi moja ya kufuta ule wa kwanza na bahasha moja kwa wakili.

*Usiri.* Ni bora kuliko nyongeza katika jambo moja: hauonyeshi ulichobadilisha. Anayeusoma anaona uamuzi wa mwisho tu. Lakini wosia si siri baada ya kifo. Uingereza, ukishathibitishwa, yeyote anaweza kulipa ada na kupata nakala.

*Inamfaa nani.* Aliyeoa, kuolewa au kuachana. Aliyepata mtoto ambaye wosia haumtaji. Aliyebadilisha mgawanyo wenyewe. Mwenye nyongeza mbili tayari. Na kila mtu anayetaka kumpunguzia au kumwondoa mrithi bila kumwachia kumbukumbu ya maandishi.

Barua ya matakwa

*Nguvu.* Haina. Tuseme hivyo kwanza, kwa sababu ndiyo njia ambayo watu huipenda kuliko zote. Siku moja tu baada ya wosia wake wa 1993, Diana aliandika barua akiwaomba wasimamizi wagawe vitu vyake binafsi: robo tatu kwa wanawe wawili, robo kwa watoto aliowasimamia ubatizo, ambao jumla walikuwa 17. Baada ya kifo chake wasimamizi hawakuifuata. Desemba 1997 mahakama iliidhinisha mabadiliko ya mpango wa mirathi, na kila mmoja wa wale 17 akapewa kitu kimoja cha ukumbusho. Hakuna sheria iliyovunjwa, kwa maana barua ilikuwa ombi.

*Kazi.* Nyepesi kuliko zote. Unaandika, unatia saini na tarehe, unaibadilisha kesho ukitaka. Usiitie mashahidi, kwa sababu barua yenye mashahidi wawili huanza kufanana na nyongeza ya wosia, na mwenye nia atajaribu kuitumia hivyo.

*Mwanya wa ugomvi.* Mdogo, ikiwa barua inaeleza tu. Mkubwa, ikiwa inapingana na wosia. Wosia ukisema gari ni la Juma, barua ikasema ni la Asha, Juma atalichukua, na Asha atabaki na barua inayothibitisha kwamba marehemu alimpenda kuliko sheria ilivyomruhusu msimamizi kumsaidia. Ni heri asingeiona.

*Usiri.* Hapa ndipo barua inaposhinda nyingine zote. Haiwekwi hadharani pamoja na wosia, almradi wosia usiitaje kama sehemu yake. Sababu za kumwachia mtoto mmoja kidogo (kwamba alishalipiwa masomo, au alishapewa mtaji) zinakaa vizuri ndani ya barua kuliko kwenye hati itakayosomwa na watu wasiohusika. Hali kadhalika namna unavyotaka kuzikwa, mahali zilipo hati za nyumba, orodha ya akaunti, na jinsi ya kufungua simu na barua pepe. Nywila zenyewe usiziweke kwenye wosia kamwe.

*Inamfaa nani.* Kila mwenye wosia, kama kiambatisho cha maelezo. Kama badala ya wosia, haimfai mtu yeyote ambaye familia yake ina dalili hata ndogo ya kugombana. Inawafaa sana walioweka mali kwenye amana, yaani mali inayoshikwa na wadhamini kwa faida ya wengine: wadhamini wana hiari kisheria, na barua ndiyo inayowaambia hiari hiyo waitumie vipi.

Fomu za wanufaika

*Nguvu.* Inategemea nchi na aina ya mali, na tofauti ni kubwa. Bima ya maisha, mafao ya pensheni na baadhi ya akaunti mara nyingi hulipwa kwa aliyetajwa kwenye fomu, wosia useme usemalo. Marekani, kesi moja iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2009 inatosha kumtoa mtu usingizini. Mume na mke waliachana, na katika hati ya talaka mke akakubali kuacha haki yake kwenye mpango wa akiba wa kazini kwa mume. Mume hakubadilisha fomu. Alipofariki, mpango ulimlipa mtalaka zaidi ya dola 400,000, na mahakama ikasema ulifanya sawa, kwa kuwa msimamizi wa mpango hufuata fomu iliyo mbele yake.

India upepo unavuma upande mwingine. Desemba 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilieleza kwamba aliyetajwa kwenye fomu ya hisa za kampuni hupokea tu. Hawi mmiliki kwa sababu ya fomu, na warithi halali wanabaki na haki yao. Kwa hiyo usijaze fomu ukidhani umemaliza, wala usiipuuze ukidhani wosia utaifunika. Uliza taasisi yenyewe, kwa maandishi.

*Kazi.* Dakika chache kwa kila fomu. Kazi ni kuzikumbuka zote, hasa za mwajiri wa zamani. Ulijaza siku ya kwanza ya kazi, kati ya kitambulisho na maelekezo ya mlango wa dharura, ukaandika jina la mama yako kwa sababu hukuwa na mtu mwingine. Fomu hiyo bado ipo. Omba uthibitisho wa jina lililomo sasa, kisha hifadhi jibu.

*Mwanya wa ugomvi.* Mdogo kati ya taasisi na familia, mkubwa ndani ya familia yenyewe. Aliyetajwa akiwa mtoto mdogo, malipo yanaweza kukwama mpaka mlezi wa mali yake ateuliwe. Nafasi ya mnufaika wa pili, anayepokea wa kwanza akiwa hayupo, ikiwa tupu na wa kwanza amekwisha kufariki, fedha huenda zikaangukia kwenye mirathi baada ya kucheleweshwa bure. Jaza nafasi zote mbili.

*Usiri.* Mzuri. Malipo haya kwa kawaida hayapiti mahakamani. Lakini usiri huo ndio unaowafanya warithi washtuke: wanapiga hesabu ya mirathi na kukuta kipande kikubwa kimekwenda nje yake.

*Inamfaa nani.* Kila mwenye bima, pensheni au akiba ya kazini. Mwenye mali ya pamoja na mwenzake aiweke hapa pia kichwani, maana katika umiliki wa aina fulani sehemu ya anayefariki humwendea mwenzake moja kwa moja, na wosia hauigusi.

Njia ya tano, ambayo si njia

Kuchukua kalamu na kukata jina kwenye wosia halisi. Sheria ya Wosia ya Uingereza ya mwaka 1837, ambayo bado inatumika, haitambui badiliko lililoandikwa baada ya kutia saini ila likisainiwa na kushuhudiwa upya. Jina ulilolikata likiwa bado linasomeka, zawadi inabaki. Ukilifuta mpaka lisisomeke kabisa, huenda zawadi ikafa na asipate mtu uliyemkusudia. Ukikuta wosia wenye mistari ya kalamu, wako au wa mzazi aliye hai, mpeleke mwenyewe akaandike upya wakati bado anaweza kueleza alichokusudia.

Kulingana na hali yako

Msimamizi amefariki au hataki tena, na mengine yote yako sawa: nyongeza moja inatosha, ikiwa ndiyo ya kwanza. Ikiwa ni ya tatu, lipa kidogo zaidi uandike wosia mpya.

Umepata mtoto: wosia mpya, wenye mlezi na maneno yanayowahusu “watoto wangu wote” ili wa pili asikose kama wa kwanza alivyokosa. Halafu fomu za bima. Barua ya kumwambia mlezi unavyotaka mtoto alelewe ifuate, bila haraka.

Umeachana na mwenzako: anza na fomu, wiki hii hii, kwa sababu ndizo zinazolipa haraka na hazisomi hati ya talaka. Wosia mpya ufuate, pamoja na hati ya uwakilishi ikiwa ulimpa mamlaka ya kusaini kwa niaba yako.

Unaoa au unaolewa mara ya pili na kila mmoja ana watoto wake: nyongeza haitoshi na barua ni hatari. Hapa wosia mpya, pengine pamoja na amana inayompa mwenzako makazi maisha yake yote na kuwahifadhia watoto nyumba baada yake. Hii ndiyo hali ambayo ningesema usijaribu bila wakili.

Umegawa vitu vya nyumbani kwa mdomo na unabadili mawazo kila mwaka: barua, yenye tarehe, na ile ya zamani uichane. Kitu chenye thamani kubwa kitoe kwenye barua ukiweke kwenye wosia.

Umehamia nchi nyingine: usifikirie nyongeza kabla ya kujua ni sheria ya nchi gani itakayotumika. Katika nchi nyingi za Umoja wa Ulaya, tangu 17 Agosti 2015, mirathi hufuata sheria ya nchi ulikokuwa ukiishi kwa kawaida, isipokuwa kama umechagua kwa maandishi sheria ya nchi ya uraia wako. Uchaguzi huo uandikwe kwenye wosia, si kwenye barua.

Hakuna kilichobadilika, ila miaka 3 hadi 5 imepita: usiandike kitu. Toa bahasha, soma majina, hakikisha kila aliyetajwa yu hai na kila mali iliyotajwa bado ni yako, mpigie simu msimamizi umuulize kama bado anakubali na kama anakumbuka wosia uko wapi, kisha urudishe bahasha mahali pake.